Meli Iliyopita Dodoma Ikiwa Masandukuni

Hotuba kwa mafundi wa modeli za meli za mbao waliokutana Dodoma. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.

Ndugu zangu, mbukwa! Wazee mliotutangulia, shikamooni. Vijana mliojibanza huko mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Nianze na swali, mnijibu kwa kunyoosha mikono. Nani hapa ana meli chini ya kitanda? Nani ana meli juu ya kabati, imefunikwa gazeti, mataruma, yaani mbavu zake, yamesimama kama mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa, na haijaguswa tangu mvua za mwaka jana? Naona mikono. Naona na mingine inayonyanyuka nusu. Inyanyueni yote, maana kikao cha leo kimeitishwa kwa ajili ya meli hizo hizo.

Tena najua mnavyoambiwa mtaani: "Wewe, bahari iko wapi Dodoma?" Ni kweli, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 450. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu makubwa ni bwawa la Hombolo na la Mtera, na huko ni mitumbwi ya wavuvi tu. Sasa jahazi unalichonga la nini?

Wakiwauliza tena, wapeni kisa hiki.

Mwaka 1913, kwenye kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli ya chuma ya urefu wa mita 71 hivi, ikaitwa Graf von Goetzen. Haikuundwa kwa ajili ya bahari. Ilitakiwa Ziwa Tanganyika. Haya, meli ya mita 71 unaifikishaje Kigoma? Waliiunganisha huko huko kiwandani, wakaona vipande vinakubaliana, kisha wakaifumua yote na kuipanga kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa meli nyingine, yakapanda treni. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma Februari 1914. Njia nyingine haikuwapo. Meli ile ilipita hapa, ndugu zangu! Ilipita Dodoma kabla haijaonja tone la maji ya ziwa. Kigoma wakaiunda upya, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Leo mnaijua kwa jina la MV Liemba.

Masanduku 5,000! Na wewe una sanduku moja linakutoa jasho.

Sasa tuitazame ile kazi kwa jicho la fundi. Kwa nini waliiunganisha kwanza, ndipo wakaifumua? Kwa sababu kipande kikikataa kukaa ukiwa Papenburg, karakana iko hapo hapo. Kikikataa ukiwa Kigoma, umekwama. Kwetu sisi, Papenburg ni kabla ya gundi, na Kigoma ni baada ya gundi. Wengi wetu tunafungua chupa ya gundi siku ya kwanza, na hilo ndilo kosa linaloonekana miezi 6 baadaye, wakati ubao wa ubavuni unapokataa kulala.

Kwa hiyo: ule ubao wa katikati, unaobeba mkuku (uti wa mgongo wa meli, chini kabisa) na kupokea mataruma, ulaze kwanza juu ya kioo bapa. Plaiwudi ya milimita 4 hupinda hata ikiwa dukani. Ukiona mwanga unapita chini yake, ilowanishe kidogo pande zote mbili, ibane kati ya mbao mbili nene, weka uzito, iache siku 2. Ikikataa kunyooka, kata nyingine, usiionee huruma. Mkuku uliopinda haurekebishwi na kitu chochote kitakachokuja juu yake.

Kabla ya kukata mataruma, andika namba kwenye kila moja kwa penseli, na alama ya upande unaotazama omo, yaani mbele ya meli. Taruma liingie kwenye pengo lake kwa kusukuma na kidole. Likihitaji nyundo, pengo ni dogo: piga tupa mara moja, jaribu, piga tena, jaribu. Likicheza, pengo limezidi, jaza kwa kijipande cha karatasi ngumu. Yote yakishakaa, bila gundi, shika meli mbele ya uso, fumba jicho moja, tazama kutokea omo. Ncha za mataruma zifuate mkunjo mmoja. Taruma lililochomoza milimita 1 litakuwa nundu, na nundu hiyo rangi haiifichi, inaitangaza. Lililozama, libandike ukanda mwembamba wa mbao kisha usawazishe kwa msasa.

Ndipo gundi. Taruma moja moja, na kila moja lipimwe pembe mraba. Huna kipimo? Kona ya kiwandani ya kigae cha sakafu inatosha kabisa, na mafundi vigae wanavyo vipande vya kutupa.

Nimetaja kupima. Tukae hapo kidogo.

Tarehe 10 Agosti 1628, Stockholm, Uswidi, meli ya vita iliyoitwa Vasa iling'oa nanga safari yake ya kwanza, mizinga 64 ndani, watu wamejaa ufukweni wakiishangilia. Kabla ya siku hiyo walikuwa wameijaribu: watu 30 wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Walipokimbia mara 3, meli iliyumba hata ikaamriwa waache. Na bado ikaruhusiwa kuondoka! Ilitembea kama mita 1,300. Upepo ukaipiga, ikalala, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini, ikaenda.

Iliinuliwa mwaka 1961, na watafiti wakapata nafasi ya kuipima. Wakakuta ubavu wa kushoto mbao zake ni nene kuliko wa kulia. Ndani yake wakaokota rula 4 za mafundi. Mbili zilikuwa za futi ya Uswidi, yenye inchi 12. Mbili za futi ya Amsterdam, yenye inchi 11. Mnaona? Fundi huyu anaambiwa futi 6, yule anaambiwa futi 6, kila mmoja anakata kwa uaminifu wote, na vipande havilingani. Nisieleweke vibaya, rula hazikuizamisha Vasa. Iliyoizamisha ni uzito wa juu uliozidi uwezo wa tumbo lake. Lakini rula zile, ndugu zangu, ziko hapa ukumbini leo.

Ziko wapi? Ziko kwenye mikoba yenu. Rula za plastiki za shuleni, chukua mbili za sentimita 30, zilaze pamoja: mara nyingi utakuta hazimalizi pamoja. Chagua rula moja ya chuma, na modeli nzima, tangu mkuku hadi bendera, ipimwe kwa hiyo. Na ramani mnazochapisha kwenye maduka ya steshenari? Mashine ikiachwa itakavyo huipunguza picha ili iingie kwenye karatasi. Kabla hujakata chochote, tafuta mstari wa kipimo kwenye ramani. Ulioandikwa milimita 100 uwe milimita 100. Upime kwa urefu wa karatasi na kwa upana wake pia, kwa sababu mashine za fotokopi nyingine huvuta upande mmoja tu.

Halafu uwiano. Wageni wa kazi hii nawashauri 1:50, kwa kuwa hesabu yake haina kona: mita 1 ni milimita 20. Jahazi la mita 18 linakuwa sentimita 36, linakaa juu ya televisheni bila kugombana na mtu. Uwiano wa 1:48 mtakaokutana nao kwenye ramani za Waingereza umetokana na robo inchi kwa kila futi, ndivyo zilivyotengenezwa modeli nyingi za jeshi lao la majini tangu karne ya 17. Ni uwiano mzuri, ila usiuchanganye na 1:50 ndani ya meli moja ukidhani ni ndugu. Kwenye jahazi hilo la mita 18 tofauti yake ni sentimita moja na nusu.

Na kuna kijanja kimoja nakipenda sana. Kata mtu wa karatasi ngumu, urefu milimita 34. Huyo ni mtu wa sentimita 170 kwa 1:50. Msimamishe kwenye sitaha kila unapomaliza sehemu. Ukingo ukimfika kichwani, umekosea. Mlango ukimlazimisha kutambaa, umekosea. Kamba ikiwa nene kama paja lake, nenda dukani ukatafute uzi mwingine. Huyo mtu wa karatasi haoni aibu kukuambia ukweli, tofauti na sisi marafiki zako.

Sasa nataka tukae sana kwenye mbao, maana hapa ndipo Dodoma inapotutofautisha na wenzetu wa Pwani, na hapa ndipo nyingi za zile meli za chini ya kitanda zilipofia.

Mtu ananunua vipande Dar es Salaam mwezi wa Aprili, anashuka navyo hapa, anajenga wiki hiyo hiyo. Kazi safi, hata wembe hauingii kati ya mbao. Ikifika Agosti, upepo mkavu unavuma, anaiangalia meli yake: mianya kila mahali, kama meno ya mtoto wa miaka 7. Anasema gundi mbovu. Gundi imekosa nini? Mbao ndizo zilizosinyaa.

Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, maji ndani ya mbao hutulia kwenye asilimia 16 hivi. Kwenye hewa ya asilimia 40, hushuka hadi karibu asilimia 8. Na ubao ukikauka haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana. Hupungua upana, kukatiza nyuzi zake. Chukua mbao 20 za upana wa milimita 5, jumla milimita 100 za ubavu. Zikisinyaa asilimia 1 na nusu tu, umepoteza milimita 1 na nusu. Na haipotei mahali pamoja, inagawanyika kwenye viungo vyote, na kile kilichokuwa dhaifu ndicho kinachopasuka.

Dawa yake ni subira na haigharimu shilingi. Mbao zikifika, fungua vifungashio, zipange zikiwa na nafasi katikati, ndani ya chumba kile kile utakachofanyia kazi, mbali na jua la dirishani. Wiki 3, na 4 ni bora zaidi. Mwenye mizani ndogo ya jikoni apime kifurushi kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao zimekuwa wenyeji. Na atakayejenga hapa kwa ajili ya zawadi ya mtu wa Tanga au Zanzibar, ajue jambo linageuka: huko zitavimba. Usizibane mbao kama unapiga kabari.

Mbao gani? Msonobari wa Sao Hill uko kila karakana na ni rahisi, lakini angalia mistari yake, laini na ngumu, laini na ngumu. Kwenye ukanda wa milimita 1 na nusu hupasuka kwa kufuata mistari hiyo. Utumie kwa magogo ya kujazia omoni na tezini, yaani mbele na nyuma, ambako hauonekani. Mninga una rangi ya kuvutia, na vipande vya kutupa vinapatikana kwa mafundi samani, ila nyuzi zake ni kubwa, ukizitazama kwenye 1:50 zinaonekana kama mifereji. Ufanyie kitako cha modeli. Mpingo, nao, ni mgumu na mzito, hauna mfano kwa makapi, yaani roda za kupitishia kamba, na vitu vingine vidogo vya kamba. Ufute kwanza kwa spiriti kabla ya gundi kwa sababu ya mafuta yake, na vaa barakoa, kwani vumbi la mpingo na la mninga linawasha pua na kifua.

Lakini hazina yetu, kwa maoni yangu, iko nyuma ya nyumba. Matawi ya mchungwa, mlimau na mpera. Nyuzi ndogo, mbao ngumu, zinakubali kisu pande zote. Mtu anapogoa mti wake, unaomba tawi lenye unene wa mkono. Lipasue katikati siku hiyo hiyo, pita kwenye moyo wake, maana tawi zima likikauka hupasuka lenyewe linapotaka. Ncha zote mbili zipake nta au rangi ya mafuta ili maji yasitokee huko kwa haraka. Weka kivulini. Vipande vyembamba havifiki mwaka, vinene hesabu mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene.

Kupinda mbao za ubavu: loweka kwenye maji ya moto dakika 15 hadi 30, zungushia chupa ya soda, funga kwa mpira, iache ikauke. Ikauke! Usiibandike ikiwa mbichi. Ubao uliolowa umevimba. Ukikauka ukiwa umeshikwa na gundi unaacha mwanya, na hapo umejitengenezea Agosti yako mwenyewe. Hapa kwetu usiku mmoja unatosha.

Bandika ubao mmoja kushoto, mmoja kulia, kushoto, kulia. Ukimaliza ubavu mmoja wote kwanza, mbao huvuta na meli inapinda kama ndizi. Omoni mbao lazima zipunguzwe upana kwa sababu mzunguko wa taruma la mbele ni mfupi kuliko wa katikati. Zungushia kila taruma ukanda wa karatasi, pima, gawanya kwa idadi ya mbao, ndipo ujue upana wa kila ubao hapo. Ikitokea chini ya nusu ya upana wa kawaida, simama. Ubao mwembamba kiasi hicho hauna pa kushikia. Afadhali mbao mbili ziishie kwenye moja.

Na gundi za hapa zina tabia yake. Supa gluu hukauka kwa kutumia unyevu. Mnashangaa mwezi wa 9 inachelewa kushika? Hewa imekauka. Pumulia ubao pumzi moja ya joto kabla ya kubandika. Gundi nyeupe ya mbao nayo hufanya kinyume: feni ikiwaka inaota ngozi kabla hujaleta ubao, inashika juu juu. Paka sentimita 5 au 6 kwa wakati, na uzime feni.

Kuna wanaoanza na meli za milingoti mitatu na mizinga 100. Siwakatazi. Lakini jiulizeni, je, tumemaliza vyombo vyetu? Mtepe ulisafiri pwani hii karne nyingi, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, bila misumari, tanga lake la mkeka lina pembe nne. Mapema karne iliyopita ukatoweka. Zanzibar walipoujenga upya mwaka 2003 na kuuweka Beit el Ajaib, waliowahi kuushona walikuwa wamekwisha kufa. Kilichobaki ni maandishi, picha, na modeli zilizochongwa zamani. Modeli, ndugu zangu! Mtu fulani alikaa akachonga kitu kidogo mezani, na kitu kile kikasema baada ya mafundi kunyamaza.

Kwa hiyo ukichonga jahazi, lichonge kweli. Mlingoti wa jahazi unainamia mbele, kuelekea omo. Ukiusimamisha wima umechonga kitu kingine. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni ndefu, mara nyingi miti miwili imefungwa pamoja, na mafungo yaonekane. Kamba ya milimita 24 kwa 1:48 ni uzi wa nusu milimita. Uzi wa pamba una manyoya. Upitishe kwenye nta ya nyuki, ambayo wenzetu wa Singida na Tabora wanayo tele, kisha upashe joto kidogo nta iingie ndani. Nta ikibaki juu hunasa vumbi, na vumbi la Dodoma halihitaji kualikwa. Meli iliyokamilika iwekwe kwenye sanduku la kioo siku hiyo hiyo.

Nirudi Kigoma, kisha niwaachie nafasi.

Julai 1916, katikati ya vita, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe ile Goetzen isije ikatekwa. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walipaka mashine zake grisi, kila mahali. Kwa nini umpake mafuta maiti? Kwa sababu walikuwa wanafikiria siku ya kuiinua. Wabelgiji waliiinua kwanza, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta mashine zinafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Basi kwenye meli zetu grisi ile ni ipi? Ni gundi inayofunguka. Sehemu ambayo huna uhakika nayo, tumia gundi nyeupe. Ukigundua kosa, paka spiriti kwa brashi kwenye kiungo, subiri dakika 10 au 15, paka tena, ingiza wembe taratibu, ubao unaachia. Supa gluu hulainishwa na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ila ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, na dirisha liwe wazi. Ile gundi ya kuchanganya mirija miwili ndiyo isiyosamehe. Iache kwa vitu vya chuma ambavyo umeviweka na kuvijaribu mara tatu.

Mwanya wa Agosti chini ya milimita 1? Usijaze unga wa msasa na gundi, utaonekana kama kovu. Chonga kijiti cha mbao ile ile kama kabari, kipake gundi, kisukume, kata, piga msasa. Nundu kwenye ubavu? Kama mbao zina milimita 1 na nusu, una nafasi ya kupunguza nusu milimita, zaidi ya hapo utatoboa. Ubavu mzima umepinda? Fumua hadi kwenye mataruma. Ni jioni 2 za kazi, na mataruma bado ni mazima.

Nimeona mfuko wa salfeti pale nyuma na ncha ya mlingoti imechomoza. Mwenye nao, dada yangu, naomba uulete hapa mezani. Mlingoti unainama upande gani? Haya, njooni karibu wote, na mwenye spiriti aje na brashi.